Mwanamke Aliyetufundisha Kuiona Barabara

Ukisimama katikati ya mji wa Kitale siku ya soko ukayatazama magari yanavyopita, wengi wa madereva wa makamo unaowaona walipita mikononi mwa mwanamke mmoja. Muuza mbegu, muuguzi, padri mmoja mwenye haraka, karani wa kaunti, mama wa kuku. Wote walimwita Mwalimu, nami sitamwita vingine. Jina lake wanalo watu wa kwao, na halitaongeza kitu katika haya ninayotaka kusema.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alivaa raba nyeupe kila siku ya Mungu, hata kama juu amevaa suti ya kanisani. Alisema mguu uliovaa kisigino hausikii breki. Gari la skuli yetu ya udereva lilikuwa na breki ya pili upande wake, na katika miaka yote niliyofanya kazi naye nilimwona akiikanyaga mara chache sana. Walimu wengine walipayuka mpaka povu likawatoka. Yeye aliongea kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa. Mwanafunzi alipopanda ukingo wa barabara, alisema tu, "Tumepanda. Sasa tushuke."

Imani yake ilikuwa moja: gari linaendeshwa na kichwa. Mikono na miguu hujifunza haraka, alisema, hata ng'ombe wa jembe hujifunza. Kinachosumbua ni kile kinachofanyika ndani ya mtu kabla mkono haujasogea. Kwa hivyo alitufundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye ule ubao wenye mji mdogo uliochorwa, ambapo skuli zote huwasukumisha wanafunzi vigari vya kuchezea. Alitufundisha woga, hasira, furaha, na jinsi ya kutazama. "Jicho hupeleka mgeni mlangoni," alikuwa akisema. "Akili ikikataa kufungua, mgeni atalala nje."

Mimi nilifika kwake nikiwa na woga ambao sikuwa nimemwambia mtu. Pikapu ya binamu yangu ilikuwa imepinduka karibu na Kamukuywa tukitoka kununua mahindi. Binamu alivunjika mguu. Mimi nilitoka na mikwaruzo, ikapona, lakini tangu siku ile kila nilipokaa kiti cha mbele viganja vililowa jasho. Kisha nikapata kazi ya kuuza dawa za mifugo, na kazi hiyo ilitaka mtu anayeendesha.

Siku ya kwanza nilifunga breki kwa sababu ya kivuli cha mti. Nikafunga tena kwa sababu ya karatasi iliyopeperushwa na upepo. Mwalimu akaniambia nizime gari.

"Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu, Mwalimu."

"Si ninakuona bana. Mabega yako yamefika kwa masikio."

Nilingoja aniambie nisiogope, kama watu wote wamwambiavyo mwoga. Hakusema hivyo.

"Woga si ujinga," alisema. "Ni akili yako inakuita, na wewe hujaitika. Leo tutaitika. Kila kitu unachoogopa, kitaje kwa sauti halafu uniambie kinafanya nini."

Tukaingia barabara ya Kiminini, mimi nikitaja kama kichaa.

"Naogopa lile lori."

"Linafanya nini?"

"Linakuja."

"Upande wake ama wako?"

"Wake."

"Haya. Kingine."

"Ng'ombe."

"Amefungwa ama amefunguliwa?"

"Amefungwa."

"Basi mwache ale. Kingine."

Nilitaja boda boda, nikataja mama aliyejitwika sukuma wiki, nikataja shimo, mbwa, watoto wa skuli, trekta lililoegeshwa. Tulipofika Kiminini sauti ilikuwa imenikauka, na nilikuwa nimegundua kwamba vitu vingi nilivyovitaja havikuwa na haja yoyote nami. Mabega yalikuwa yameshuka bila mimi kuyaambia. Woga haukuwa umeisha. Ulikuwa umepata kazi ya kufanya, na mwenye kazi hana muda wa kupiga kelele.

Wiki chache baadaye alinielekeza mbele zaidi, tukipiga hadithi za mvua na mbolea, na nilipotahamaki tulikuwa Kamukuywa. "Paki hapa," akasema. Kumbe binamu yangu alikuwa amemweleza. Nilikasirika, lakini nilipaki. Aliniuliza nini nakumbuka, nikamwambia: mlio wa bati, harufu ya mafuta, mahindi yakimwagika kama mvua. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia nitazame nje na nimweleze nini naona. Palikuwa na wanawake wanauza ndizi. Palikuwa na msichana anasugua mtungi kwa mchanga, na mzee aliyesinzia juu ya kiti cha plastiki mdomo wazi.

"Hii ndiyo Kamukuywa," alisema. "Ile nyingine iko kichwani mwako. Itakaa huko, sikudanganyi. Lakini ukiendesha gari, endesha katika hii."

Tulinunua ndizi tukarudi Kitale, mimi kwenye usukani. Baada ya kupata leseni niliuza dawa za mifugo kwa muda, kisha mwenye skuli akatafuta mwalimu wa pili, na Mwalimu akanitaja mimi. Ndivyo nilivyopata kumjua kwa miaka.

Hasira aliisikia kabla haijasema. Kulikuwa na muuza vitambaa mmoja, Bwana Salim, mwenyeji wa Bungoma, aliyekaa hatua chache kutoka msikitini. Alikuja kujifunza Kitale kwa sababu hakutaka majirani zake wamwone mtu wa umri wake akifundishwa gia. Siku moja aliingia garini, akaufunga mlango, akatia ufunguo. Mwalimu akauchomoa.

"Leo hatuendi, Bwana Salim."

"Kwa nini? Nimetoka Bungoma asubuhi yote hii."

"Nimesikia mlango."

"Mlango una nini?"

"Mlango hauna kitu. Wewe ndiye uko na kitu."

"Mimi sina hasira," alisema Bwana Salim, kwa sauti iliyowafanya mbuzi wa ng'ambo wageuke.

Mwalimu alifungua chupa ya chai. Walikunywa garini, gari likiwa limezimwa, mimi nikiwa nyuma na mwanafunzi mwingine. Polepole Bwana Salim akasimulia: ndugu yake mdogo amefungua duka la vitambaa mkabala na lake, mlango kwa mlango, bila hata kumwambia.

"Mtu mwenye hasira huona barabara nyembamba," Mwalimu alimwambia. "Kila anayekuja mbele amemkosea. Boda boda amemkosea, punda amemkosea. Sasa punda wa Kitale amekufanyia nini?"

Bwana Salim alicheka huku anajifuta macho. Alirudi Bungoma siku ile bila kugusa usukani, akamlalamikia mwenye skuli kwa simu akiwa njiani, na siku ya pili akarudi ametulia. Alifuzu. Kila Idi hadi leo humtumia Mwalimu kopo la halua.

Lakini hasira haikuwa ndiyo aliyoiogopa zaidi. Aliogopa furaha. Kijana mmoja alipokea simu kwamba ameajiriwa ofisi ya ardhi, akamshukuru Mungu, akatia gia ya nyuma badala ya mbele, akauingiza mkia wa gari kwenye ua wa michongoma wa kanisa. "Mwenye hasira watu humshtukia," Mwalimu alituambia tukichomoa matawi. "Mwenye furaha humpa ufunguo na baraka."

Usidhani mtu wa namna hii alikuwa mtulivu kila mahali. Nje ya gari alikuwa kama sisi, pengine zaidi. Chai ikija maziwa ni machache, alimgombeza mwenye kioski mpaka wateja wakainua vichwa. Barabarani aliamua mambo kwa kufumba na kufumbua, lakini nilimsindikiza mara moja kununua kitenge akakaa kati ya cha kijani na cha buluu mchana mzima, akaondoka bila chochote, na usiku akanipigia simu kuniuliza mimi ningechukua kipi. Kwaya ikiimba alilia, wimbo wa huzuni au wa mavuno, mradi sauti ya tatu imeingia vizuri. Nilimuuliza imekuwaje mtu anayejua mioyo ya wengine hivyo ashindwe na wake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nani alikwambia nimeshindwa? Ninalia, halafu ninamaliza. Wewe hulii, na hujamaliza."

Na alikosea pia. Lazima niseme hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilisema hadharani. Alikuja mama mmoja mzee kutoka Naitiri, mkulima, kitambaa kichwani, mkononi kikapu cha mayai. Watoto wake walikuwa wamemnunulia pikapu ya kubebea mazao, na kila dereva aliyemwandika alimsumbua.

"Nataka kujua kuendesha hii gali mimi mwenyewe," alisema.

Mwalimu alimpa kiti na heshima zote, akamwita kukhu, yaani nyanya, na akamkataa. "Kukhu, umri ukienda akili huchelewa. Utaona ng'ombe leo na breki utafunga kesho. Tafuta kijana mwaminifu."

Yule mama akaacha mayai, akaenda. Juma lililofuata alirudi, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akatazama tukifundisha. Akarudi tena. Mwishowe Mwalimu akamwambia aingie garini, nadhani ili amalize ubishi. Mama yule aliendesha kama anavyopalilia: polepole, bila kuruka mstari. Hakuwa mwepesi, lakini alianza kujiandaa mapema kuliko vijana wote. Akiona watoto mbali alikuwa tayari ameinua mguu. Vijana waliona upesi wakachelewa kuamini; yeye alichelewa kuona, lakini akaamini papo hapo. Siku ya mtihani alifuzu, na vijana wawili wa darasa lake wakaanguka.

Mwalimu alitukusanya sote. "Nilimtazama huyu kukhu nikaona mvi," alisema. "Nikaacha kutazama. Hilo ndilo kosa ninalowakataza kila siku." Kisha akamgeukia yule mama, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo wasichana wa kwetu wakisalimu wakubwa. "Unisamehe, kukhu." Mama akamwinua kwa kiwiko, akamwambia mayai mengine yalikuwa yamebaki nyumbani, atamletea.

Mume wa Mwalimu alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Alizika, akakaa siku chache, akarudi kazini, kwa sababu alisema nyumba ilikuwa kimya mno. Asubuhi ile alikuwa apeleke wanafunzi upande wa reli. Aliingia garini, akafunga mkanda, akakaa. Wanafunzi wakangoja. Kisha akashuka, akanijia.

"Nimetoka nyumbani mpaka hapa kwa miguu na sikumbuki njia," alisema. "Sijui kama nimepitia mahakamani ama sokoni. Mtu kama mimi hafai kuwa ndani ya gari."

Mwenye skuli alimsihi. Wanafunzi walikuwa wengi, mtihani ulikuwa karibu, na mimi nilikuwa bado mwalimu mgeni. Alikataa, akawaeleza wanafunzi mwenyewe, wazi, pale uwanjani. "Hasira hupiga mlango," aliwaambia. "Huzuni haipigi. Inaingia, inakaa kando yako, na wewe unadhani uko peke yako. Leo nimeiona. Mnisubiri."

Alipotea msimu mzima wa mvua. Aliporudi hakukimbilia kiti chake. Kwanza alikaa nyuma, katika gari langu, akisikiliza tu. Siku moja tukiwa karibu na uwanja wa maonyesho, bila kuombwa, akamwambia mwanafunzi, "Punguza, yule mtoto atafuata mpira." Mtoto akafuata mpira. Nikajua amerudi.

Alistaafu, akahamia kwake karibu na Mabanga, nje ya mji wa Bungoma, kwenye shamba lenye mahindi, ng'ombe wa maziwa na gari dogo la zamani alilolipenda kama mjukuu. Mimi nilibaki Kitale na skuli. Tulipigiana simu. Halafu mwaka jana binti yake, Nasimiyu, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi naye, akanipigia.

"Kaka, kuja uongee na Mama. Amegonga nguzo ya geti. Anasema ati geti ndilo lilisonga."

"Ameumia?"

"Hajaumia. Lakini juzi alikuwa karibu kukanyaga kuku wote wa jirani. Nikimwambia aache kuendesha, ananiuliza mimi nilifunzwa na nani."

Nilikwenda Jumamosi. Njia nzima kutoka Kitale nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga upya, maana utamwambiaje mtu aliyekupa macho kwamba macho yake hayafai? Alinipokea kwa furaha, akanipa chai yenye maziwa ya kutosha, akaniuliza habari za wanafunzi. Kila nilipoanza kusema, alikuwa na hadithi nyingine. Mwishowe akasimama, akachukua funguo.

"Twende sokoni Bungoma. Nasimiyu anataka samaki."

Nasimiyu alinitazama. Nikaingia kiti cha abiria.

Aliendesha vizuri. Hilo ndilo lililonichanganya. Gia ziliingia kama maziwa kwenye chai, kasi ilikuwa ya kiasi, mikono imetulia. Nilianza kufikiri Nasimiyu ametia chumvi. Tukakaribia njia ndogo inayotokea kushoto, mwanamume mmoja akawa anatoka nayo juu ya baiskeli, mitungi ya maziwa imening'inia pande mbili. Nilimwona kutoka mbali, nikangoja Mwalimu ainue mguu. Hakuinua.

"Mwalimu, baiskeli."

"Wapi?" aliuliza, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeuliza sukari iko wapi.

Nilivuta breki ya mkono. Gari liliyumba, likasimama. Yule mtu alijitupa kwenye nyasi, mtungi mmoja ukafunguka, maziwa yakamwagika mpaka kwenye gurudumu letu. Aliinuka akijipangusa, mzima. Mwalimu alikuwa ameshashuka.

"Mama, hunioni?" yule mtu alimuuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa.

"Sikukuona, mwanangu. Pole. Pole sana."

Yule mtu alipokwisha kwenda, Mwalimu alirudi akakaa kwenye usukani bila kuwasha gari.

"Wewe ulimwona tangu wapi?"

"Tangu kwenye ule mparachichi."

Aligeuka akautazama mparachichi. Ulikuwa mbali.

"Mimi sikuona mtu," alisema polepole. "Na sikuona giza. Ingekuwa giza ningejua. Niliona barabara, nyasi, kila kitu kiko sawa." Aligeuka tena mbele. "Kwa hivyo hii barabara ninayoiona, nusu ni ya kweli, na nusu ninajitengenezea."

Maneno yangu yote niliyoyapanga kutoka Kitale yalikuwa yamekwisha. Hakuyahitaji. Alishuka, akazunguka gari akiligusa kwa mkono, akanifungulia mlango.

"Songa upande ule. Tuende kwa daktari wa macho."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye subira. Alieleza kwamba presha ya macho imekula uwezo wa kuona pembeni, kidogo kidogo, kwa miaka. Kilichopotea hakitarudi. Matone yatalinda kilichobaki.

"Na akili yangu?" Mwalimu aliuliza. "Mbona haikuniambia?"

"Akili haipendi mashimo, Mama. Ikikuta shimo, inaliziba kwa kile inachokijua."

Alilitafakari hilo mpaka tukafika garini. Hapo akalia, bila sauti, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Sikumzuia. Alipomaliza alijipangusa, akaniambia nipitie dukani. Alinunua sukari na mkate, akaniambia nitafute nyumbani kwa mtu wa baiskeli.

Hatukutafuta sana, watu wa pale walimjua. Anaitwa Wekesa, ana mke na nyumba ya mabati chini ya njia ile ile. Mwalimu alisalimu, "Mulembe," akakaa, akaweka vitu mezani, akasema mambo yalivyo.

"Ni mimi niliyetaka kukuulia mume," alimwambia mkewe. "Macho yangu yameharibika pembeni na sikuwa najua. Nimejua leo. Sitaendesha tena."

Nasimiyu alikuwa hajaambiwa bado. Sisi tuliokuwa katika chumba kile ndio tuliosikia kwanza. Mke wa Wekesa akaenda kuweka maji ya chai motoni. Wekesa alikuna kichwa.

"Sasa Mama, ukitaka kuenda soko, nani atakupeleka?"

"Sijui," Mwalimu alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka neno hilo bila kuongeza lingine.

"Mimi hupita kwa geti yako kila asubuhi na maziwa. Nikirudi mitungi iko tupu, naweza kuziacha nyumbani. Hii baiskeli iko na kiti nyuma."

Mwalimu aligeuza uso wake wote, taratibu, mpaka akampata Wekesa katikati ya macho yake. Akamtazama kwa muda. Kisha akacheka, tukacheka naye, na chai ikaletwa.

Nilirudi Kitale kesho yake. Kabla juma halijaisha, Nasimiyu alinipigia akiwa amesimama getini, nikamsikia anashindwa kuongea kwa kicheko. Mama ameenda sokoni, alisema, yuko nyuma ya baiskeli ya Wekesa, na hawajafika hata kwenye mparachichi, tayari anamfundisha mtu wa watu namna ya kukata kona.